Dada yangu ana doa jeusi ndani ya shavu, madaktari wawili wametofautiana. Wenye ujuzi wa kinywa karibuni

#1 Mwana Chongoleani
Habari za humu. Dada yangu ana miaka 34, havuti sigara wala hanywi. Baada ya Idi aligundua doa jeusi ndani ya shavu la kulia, usawa wa magego. Lilianza na ukubwa wa punje ya kunde, sasa linakaribia sarafu ya shilingi 50. Haliumi, halitoi damu, limelala bapa. Daktari wa meno wa kwanza alimulika tochi akasema "hiyo ni rangi yenu ya asili, nenda nyumbani". Wa pili kasema lazima kikatwe kinyama kiende maabara. Mama amegoma. Anasema kitu kisichouma hakichokonolewi, kikiguswa na kisu kitaamka. Naomba kujua: doa la kinywani linatambuliwaje? Na kwa watu weusi kama sisi, si jambo la kawaida?

#2 Kipepeo wa Makole
Kawaida kabisa mkuu. Fizi zangu nyeusi tangu utotoni, baba yangu hivyo hivyo, babu hivyo hivyo. Msimtishe dada wa watu.

#3 Mzaramo Halisi
Mkuu #2, umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari tu? Kasema shavuni, upande mmoja, na linakua. Fizi za babu yako zilikua ndani ya wiki chache?

#4 Tabibu wa Kinywa
Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Siwezi kumpa jibu mgonjwa nisiyemwona, ila naweza kueleza tunavyofikiri.

Rangi ya asili ni melanini. Idadi ya seli zinazoitengeneza haitofautiani sana kati ya mzungu na mwafrika, kinachotofautiana ni utendaji wake. Rangi hiyo huanza kuonekana utotoni au ujanani, inapenda fizi, kulia na kushoto hufanana, na haina haraka. Mtu akiniambia "hili halikuwepo", hata awe mweusi tii, siandiki rangi ya asili kwenye faili lake mpaka nimeondoa mengine yote.

Mleta uzi, nijibu haya. Ni doa moja au mengi? Kuna jino lililozibwa karibu yake? Anatumia dawa gani za muda mrefu? Ngozi, viganja na kucha vikoje? Anachoka au kupungua uzito? Na kuna kitu kinamkwaruza shavu hilo?

#5 Bint Pangani
Mimi nilikuwa na doa la bluu-kijivu kwenye fizi, chini ya gego lililozibwa zamani kwa amalgamu, ile ya rangi ya fedha. Nilikonda kwa mawazo. Daktari akapiga eksirei, vichembe vya chuma vikaonekana vimezama kwenye nyama. Akaniambia hiyo ni chale tu, vumbi la amalgamu liliingia fizi ilipochubuka wakati wa matibabu, halina madhara. Hakukata chochote. Kwa hiyo dada aulize eksirei kwanza kabla ya kisu.

#6 Ngarawa ya Saadani
Bint Pangani, hizo amalgamu ni sumu ndiyo maana Umoja wa Ulaya wamezipiga marufuku kuanzia Januari 2025. Huku kwetu bado wanatujazia.

#7 Tabibu wa Kinywa
#6, marufuku ipo kweli, ila sababu yake iweke sawa. Amalgamu ina zebaki, na dunia ilikubaliana katika Mkataba wa Minamata wa 2013 kupunguza zebaki inayoishia kwenye maji, hewa na samaki. Haikupigwa marufuku kwa sababu ya madoa ya fizi. Asije mtu hapa akakimbilia kung'oa meno mazima.

Na Bint Pangani, eksirei ikionyesha chuma umepona wasiwasi. Isipoonyesha, bado hujapata jibu, maana vumbi likiwa laini sana halionekani kwenye picha.

#8 Kaka wa Buguruni
Tuseme ukweli tusioneane aibu. Doa jeusi mdomoni ni ngoma. Akapime kwanza, mengine baadaye.

#9 Tumaini Jipya
Kaka wa Buguruni, kupima ni jambo jema kwa kila mtu, lakini usimwandikie mwenzio hukumu kwa doa. Naishi na VVU kwa miaka mingi. Nilipokuwa nameza mchanganyiko wenye zidovudini, kucha zangu zilipata mistari myeusi na ulimi ukapata madoa. Virusi vilikuwa vimefubaa vizuri, uzito wangu ulikuwa juu. Ilikuwa dawa. Lakini mtaani walishanizika kwa sababu ya kucha. Watu wanaacha dawa kwa maneno kama haya yako.

#10 Mzaramo Halisi
Asante Tumaini. Ila Kaka naye hakuitoa hoja yake hewani, si kuna ile saratani ya Kaposi inayoandamana na UKIMWI? Mjomba wangu ilimtokea kaakaani.

#11 Muuguzi Minnesota
Kaposi ipo, na mara nyingi kinywani hupenda kaakaa gumu na fizi. Ila rangi yake huwa zambarau au nyekundu iliyokolea, na baadaye huinuka. Ukanda wetu uliijua kabla ya UKIMWI. Moritz Kaposi aliielezea 1872, na madaktari wa Afrika Mashariki na Kati walikuwa wanaiona kwa wazee miguuni miongo mingi kabla ya VVU kujulikana. Virusi vyake, HHV-8, viligunduliwa 1994. Kwa hiyo hata Kaposi haimaanishi moja kwa moja mtu ana VVU, ingawa ya kinywani inamdai mtu apime.

Kuna kipimo cha haraka: daktari anabonyeza doa kwa kipande cha kioo. Damu iliyo ndani ya mishipa hupauka ikibonyezwa, melanini haitikisiki. Kaposi nayo mara nyingi haipauki vizuri, kwa sababu damu imeshavuja nje ya mishipa. Kioo kinapunguza maswali, hakimalizi.

#12 Mhehe wa Kalenga
Mimi naona watu wanasahau ugonjwa wa Adisoni. Baba yangu mdogo alianza kuwa mweusi kuliko ukoo mzima. Mistari ya viganja, makovu ya zamani, fizi, ndani ya mashavu, vyote vikaiva. Tukasema jua la shamba. Akawa anachoka, anatapika, anakula chumvi mkono mtupu. Alishatibiwa TB miaka ya nyuma. Siku moja akaanguka, hospitali wakakuta presha iko chini sana na sodiamu imeshuka. Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimekufa. Leo anameza vidonge kila siku na analima.

#13 Tabibu wa Kinywa
Mhehe, umeeleza vizuri kuliko vitabu vingine. Thomas Addison aliandika ugonjwa huu London mwaka 1855, na wagonjwa kadhaa aliowaelezea tezi zao zilikuwa zimeliwa na TB, kwa hiyo kwetu haujawa hadithi ya kale. Tezi zikishindwa, ubongo unapiga kelele kwa homoni ya ACTH, ile inayoziamuru tezi zifanye kazi, na homoni hiyo inaziamsha pia seli za melanini. Ndiyo maana weusi unakuja mwili mzima, hauji shavu moja. Kipimo cha kwanza ni kotisoli ya asubuhi, homoni inayotengenezwa na tezi hizo, pamoja na chumvi za damu. Sindano moja ya damu inaweza kuokoa mtu aliyepewa vitamini mwaka mzima.

#14 Mwana Chongoleani
Shukrani wote. Majibu ya #4: doa ni moja. Hana jino lililozibwa. Viganja na kucha viko kawaida, hajapungua uzito. Alipima VVU alipojifungua na tena mwezi huu, hana. Lakini kuna mambo mawili sikuyaandika. Anameza hidroksiklorokwini kwa ajili ya viungo tangu mwaka jana. Na gego la mwisho upande ule limevunjika kona, linamkwaruza, kila akitafuna anajing'ata palepale.

#15 Mfamasia wa Kirumba
Basi jibu ni dawa. Dawa za jamii ya klorokwini zinajulikana kwa kuweka rangi ya bluu-kijivu kinywani. Wenye umri wangu wanakumbuka klorokwini ilivyomezwa hapa kabla ya 2001 ilipoondolewa kwenye mstari wa mbele wa malaria.

#16 Tabibu wa Kinywa
Mfamasia, nakubali nusu. Rangi ya dawa hizo hupenda kaakaa gumu, mara nyingi inatandaa na inachukua muda. Doa moja la shavuni linalokua ndani ya wiki chache haliniingii kwenye picha hiyo. Ila siwezi kulitoa. Dada asiache dawa kwa sababu ya uzi huu, viungo vyake vitamlaumu. Na aulizwe kama anapimwa macho, maana hidroksiklorokwini ikitumika muda mrefu inaweza kuharibu retina.

#17 Mfamasia wa Kirumba
Mwili hausomi vitabu daktari. Nimeona madoa ya dawa shavuni kwa macho yangu.

#18 Muuguzi Minnesota
Nilikuwa nangoja mtu ataje kujing'ata. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, kwa sasa nafanya kazi Marekani, na jambo la dada huyu lilinipata mwenyewe. Doa shavuni, jeusi-kahawia, likatanuka haraka mno. Nililia nikijua ni melanoma, saratani ya seli za melanini. Walikata kipande, jibu likarudi melanoakanthoma ya kinywa. Haina uhusiano na saratani. Huwapata zaidi wanawake weusi wenye miaka ya thelathini na arobaini, na shavuni ndiko kwake, hasa penye kukwaruzwa. Seli za melanini zinapanda juu na kusambaa kwenye tabaka la ngozi ya ndani. Baada ya kukatwa kipande, lililobaki lilififia lenyewe. Kwa hiyo umri, jinsia, rangi, mahali, kasi, jino lililovunjika, vyote vinaelekea huko.

#19 Kipepeo wa Makole
Kwa hiyo nilisema kweli, si hatari.

#20 Mzaramo Halisi
Kipepeo, hukusema hivyo. Ulisema ya kuzaliwa. Tulia.

#21 Daktari Mchunguza Tishu
Nafanya kazi maabara ya patholojia, ninyi mnakata, mimi natazama kwenye hadubini. Muuguzi, yote uliyoyataja yanaelekea kwenye melanoakanthoma, sawa. Lakini kinywani hakuna mtu anayetofautisha melanoakanthoma inayokimbia na melanoma changa kwa jicho. Melanoma ya kinywa ni nadra sana, na nyingi hutokea kaakaa gumu na fizi za juu, si shavuni. Inapoanza haiumi. Wengi hufika kwetu imeshainuka, inatoka damu, meno yamelegea, na hapo hatuna mengi ya kuwapa. Nadra haimaanishi haipo. Jibu la jina la doa hili liko ndani ya chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama kinachokuja maabara.

#22 Mzee wa Tongoni
Wajukuu hamjambo. Mimi nasimama na mama wa huyu binti. Nimeshuhudia mtaani kwetu: mtu anatembea, anakwenda kukatwa, miezi michache anazikwa. Na melanoma ni ugonjwa wa wazungu, sisi jua tumelizoea.

#23 Ngarawa ya Saadani
Shikamoo mzee. Bob Marley alikuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iligunduliwa 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja, chini ya kucha na sehemu za ndani kama mdomo. Huko jua halifiki kabisa.

#24 Daktari Mchunguza Tishu
Marahaba za mzee zimfikie Ngarawa. Mzee wangu, nakuomba unisikilize kwa sababu naandika na machungu. Wale unaowakumbuka walikwenda kukatwa wakiwa wamechelewa. Walikaa na uvimbe, wakapita kwa mganga, wakapita duka la dawa, mpaka ukanuka. Kisu kikawakuta ugonjwa umeshafika mapafuni. Mtaa ukakumbuka kisu, ukasahau mwaka mzima wa kungoja. Kwa melanoma ya ngozi, ambayo imechunguzwa zaidi, kukata kipande kwa ajili ya kipimo hakujaonekana kufupisha maisha ya mgonjwa. Nimepokea vinyama vya wasichana walioletwa na mama zao wakiwa wamechelewa kwa hofu hii hii, na karatasi ya majibu naiandika mimi.

#25 Mzee wa Tongoni
Marahaba. Nimekusikia mwanangu. Lakini mtu akikataa msimburute.

#26 Binti wa Kibokoni
Salamu kutoka Mombasa. Mbona hamjataja madini ya risasi? Mstari wa bluu-nyeusi ukingoni mwa fizi, palipo karibu na meno, ni alama ya sumu ya risasi, Henry Burton aliieleza 1840. Kwetu tulijifunza kwa uchungu. Kijiji cha Owino Uhuru kiliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watoto wakaugua. Phyllis Omido aliyepigania kijiji alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira 2015, na mahakama Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Na wanja wa manga tunaowapaka watoto, mwingine una risasi tupu. Huyo dada anapaka wanja?

#27 Tabibu wa Kinywa
Hoja nzito, na mafundi betri wanaosoma hapa wapime damu zao. Ila hiyo ni mstari wa ukingo wa fizi, rangi inatokea pale bakteria wanapokutana na risasi iliyoko kwenye damu. Halimhusu dada wa shavu.

#28 Msafiri wa Moyale
Habesha (watu wa Ethiopia na Eritrea) wengi niliowaona wana fizi nyeusi za kuchanjwa kwa sindano na masizi, wanawake hasa, ni urembo, meno yanaonekana meupe zaidi. Daktari asiyejua mila hiyo ataandika kitabu kizima.

#29 Kijana wa Maua
Huku tunasema ni miraa. Kila mchanaji shavu lake lina rangi.

#30 Msafiri wa Moyale
Miraa nayoijua inaacha utando mweupe pale inapokaa. Weusi unatoka kwenye sigara inayofuatana na miraa. Sigara inaweka rangi fizi za mbele za chini, na mtu akiacha hufifia taratibu, miezi hata miaka.

#31 Kijana wa Maua
Mimi sivuti na shavu langu lina rangi. Jibu hilo.

#32 Bint Pangani
Kijana, upande unaoweka miraa tu au pande zote?

#33 Kijana wa Maua
Wa kushoto tu.

#34 Bint Pangani
Basi na wewe nenda kwa daktari.

#35 Mama Swaumu
Nisaidieni na mimi. Mwanangu wa miaka 9 ana vidoti vya kahawia midomoni na ndani ya mashavu, vingi. Shangazi yake alikuwa navyo, akafariki kwa utumbo kujifunga. Mtoto analalamika tumbo mara kwa mara, tunampa dawa ya minyoo.

#36 Tabibu wa Kinywa
Mama Swaumu, nisikilize kwa makini, hili ni la haraka kuliko la mleta uzi. Vidoti vingi midomoni na mashavuni, tumbo la mara kwa mara, na ndugu aliyekufa kwa utumbo, vyote pamoja vinanifanya nifikirie ugonjwa wa Peutz-Jeghers. Peutz aliuelezea 1921, Jeghers akaueleza tena 1949. Ni wa kurithi, mzazi mwenye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpa kila mtoto. Vidoti vyenyewe havidhuru. Hatari iko kwenye vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, vinaweza kuufanya ujimeze, na ukubwani vinapandisha hatari ya saratani. Mpeleke hospitali ya rufaa kwa daktari wa watoto, mweleze habari ya shangazi yake neno kwa neno. Akipata maumivu makali na kutapika, usingoje asubuhi.

#37 Mama Swaumu
Nimelia. Kesho tunakwenda Bugando. Mungu awabariki.

#38 Tumaini Jipya
Mama Swaumu, turudishie habari. Tunakuombea.

#39 Mwana Chongoleani
Nimewasomea mama na dada uzi wote kwa sauti. Mama aliposikia #24 alinyamaza, hajasema ndiyo, hajasema hapana. Dada yeye anataka Muhimbili. Mnashauri lisubiriwe lile gego lisagwe kwanza tuone kama doa litapungua, au likatwe moja kwa moja?

#40 Tabibu wa Kinywa
Ningelainisha gego leo, nikapiga picha ya doa na rula pembeni, nikamwita baada ya wiki mbili. Likipungua, kisu hakihitajiki haraka. Lisipopungua, nakata.

#41 Daktari Mchunguza Tishu
Siafiki. Doa limeshakua mbele ya macho yao, wiki mbili zilishapita zamani. Watu wa mbali wakiambiwa warudi hawarudi, nauli hakuna. Lainisha gego na kata kipande siku hiyohiyo. Ukikata, chukua sehemu iliyokolea zaidi, na mwandikie mtu wa maabara umri, mahali, dawa na lile gego. Fomu tupu inanifanya nikisie.

#42 Muuguzi Minnesota
Mimi niko na #41, ingawa bado nasema ni melanoakanthoma.

#43 Mfamasia wa Kirumba
Na mimi bado nasema dawa.

#44 Dereva wa Singida
Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mimi ncha ya ulimi ina vidoti vyeusi vingi tangu ujana. Marehemu bibi alikuwa akiniambia ulimi wangu ukitamka jambo linatokea, basi nikawa nakanywa nyumbani nisiseme mabaya. Ni nini hiki?

#45 Tabibu wa Kinywa
Kama ni vidoti vidogo vya duara, kila kimoja juu ya kinundu kimoja cha ulimi, hiyo ni rangi ya vinundu vya kuonjea. Iko sana kwa watu weusi na haihitaji kukatwa.

#46 Dereva wa Singida
Kwa hiyo naruhusiwa kusema?

#47 Mzaramo Halisi
Sema, ila usianze na timu yangu.

#48 Mama wa Nyegezi
Wa kwangu ana mstari mweusi kwenye meno yenyewe, usawa wa fizi, ana miaka 4. Kliniki walisema ni dawa ya madini ya chuma. Alishaacha na mstari bado upo.

#49 Tabibu wa Kinywa
Ukwanguliwe kwanza. Ukitoka na jino chini yake ni gumu na jeupe, huo ni uchafu wa nje, wakati mwingine ni bakteria wanaotengeneza rangi. Chuma hakiachi alama ya kudumu.

#50 Bint Pangani
Wa mdogo wangu ulikwanguliwa ukarudi. Na alikuwa hajawahi kumeza chuma.